Dubu Aliyenyamaza Wiki Tatu

Kusini mwa Japani, kwenye kisiwa cha Kyushu, kuna mkoa unaitwa Kumamoto, na serikali ya mkoa huo ina mtumishi mmoja ambaye ni dubu. Sio utani. Ana cheo cha Meneja wa Mauzo, ana kadi za kujitambulisha, ana ofisi mjini ambako watu wanakwenda kumwona akiwa zamu. Mwili mweusi, tumbo mbele, macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini, mashavu mawili mekundu ya duara. Anaitwa Kumamon. Haongei. Anacheza, anaruka, anaanguka, anafunika mdomo kwa mkono akiona aibu, na watu wazima na suti zao wanapanga mstari kupiga naye picha.

Ukiwauliza wakubwa wa mkoa nani yuko ndani ya vazi lile, watakwambia hakuna mtu ndani, Kumamon ni Kumamon. Mwaka 2013 Mfalme wa Japani na mkewe Michiko walipotembelea Kumamoto, dubu alicheza mbele yao, na Malkia akauliza kama Kumamon yuko peke yake. Wajapani walilipenda sana swali hilo, maana lilikuwa la adabu na la mtego kwa pamoja.

Wanyama wa namna hii Japani ni wengi. Kila mji, kila mkoa, hata magereza na vituo vya polisi vina vyao. Wanaitwa yurukyara, yaani wahusika walegevu, wasio na ukali wala umaridadi. Nje ya kundi hilo, mhusika wa Kijapani anayejulikana sana duniani ni paka mwenye utepe kichwani, Hello Kitty, ambaye huku kwetu utamkuta kwenye mabegi ya shule ya mitumba. Lakini nimemchagua dubu, kwa sababu ya mambo yaliyotokea mwaka 2016, ambayo mtu yeyote aliyewahi kulala chini ya turubai atayaelewa haraka kuliko profesa.

Tuanze na treni. Serikali ya Japani ilikuwa inamalizia reli ya mwendo kasi ya Kyushu, kutoka Fukuoka kaskazini hadi Kagoshima kusini, na Kumamoto ipo katikati. Ukiwa katikati ya njia ya treni ya haraka una hatari moja: watu wanakupita. Wanakuangalia dirishani, basi. Mkoa ukamwita Koyama Kundo, mtunzi wa filamu aliyezaliwa Amakusa, hukohuko Kumamoto, ili asaidie. Koyama akatoa wazo la kampeni ya mshangao: watu wa Kumamoto wenyewe watafute kitu cha kushangaza katika maisha yao ya kila siku, halafu wawaonyeshe wageni. Kazi ya kuchora nembo akapewa mchoraji Mizuno Manabu. Aliagizwa nembo tu. Yeye akachora na dubu juu yake, kama nyongeza, kama vile muuza nyanya anavyokuongezea moja baada ya kukupimia. Hiyo ilikuwa mwaka 2010.

Mbona dubu? Herufi ya kwanza ya jina Kumamoto, kwa maandishi ya Kijapani, ndiyo herufi ya dubu, kuma. Na “mon” kwa lafudhi ya kule ni “mtu”. Kwa hiyo Kumamon ni kama kusema Mtu wa Kumamoto, mwenyeji. Dubu wa kweli, yule mnyama mkubwa mwenye manyoya wa nchi za baridi, Kyushu hayupo tena. Mwaka 2012 serikali ya Japani ilitangaza rasmi kwamba dubu weusi wa kisiwa hicho wametoweka. Yaani mkoa unawakilishwa na mnyama ambaye kwenye misitu yake hapatikani. Sisi tunaotaja majina ya mito na milima ambayo watoto wetu hawajaiona, hilo halitupi shida kulielewa.

Walimtuma kwanza Osaka, mji mkubwa ambako treni ile ingeleta wateja. Akawa anatokea tu, kwenye kituo cha treni, kwenye uwanja, bila maelezo. Watu wakaulizana huyu nani. Baadaye akapewa kazi ya kugawa kadi 10,000 za kujitambulisha, na katikati ya kazi hiyo gavana wa mkoa akaitisha waandishi wa habari na kutangaza, uso mkavu kabisa, kwamba mtumishi wake Kumamon amepotea Osaka, na anaomba atakayemwona atoe taarifa Twitter. Bila shaka watu wa Osaka wakaanza kumtafuta. Miaka mitatu baadaye gavana huyohuyo aliitisha waandishi tena kusema dubu amepoteza mashavu yake mekundu. Ilikuwa njia ya kutangaza vyakula vyekundu vya Kumamoto, nyanya na stroberi na nyama ya ng'ombe wekundu.

Gavana huyu anastahili aya yake. Kabashima Ikuo alizaliwa mwaka 1947 katika familia maskini ya Kumamoto. Baada ya shule alifanya kazi kwenye ushirika wa wakulima, akaenda Marekani kama kibarua wa mafunzo ya kilimo, akasoma habari za uzazi wa nguruwe katika Chuo Kikuu cha Nebraska, halafu akapata udaktari wa falsafa Harvard, akawa profesa wa siasa Tokyo. Mwaka 2008 akachaguliwa gavana. Mtu aliyepita njia hiyo anajua cheo hakipungui kwa kucheka. Ndiyo maana aliweza kumpandisha dubu cheo kutoka kibarua wa muda hadi Meneja wa Mauzo, mbele ya kamera, bila kutabasamu.

Lakini jambo kubwa alilofanya ni la karatasi. Mwisho wa mwaka 2010 mkoa uliamua kwamba mtu au kampuni ikitaka kutumia sura ya Kumamon iombe kibali, na kibali kitatolewa bure. Sharti lilikuwa kwamba bidhaa iwe inaitangaza Kumamoto, na ikiwa ni chakula basi kiwe na mazao ya kule.

Pima jambo hilo na desturi ya biashara. Hello Kitty ni mali ya kampuni ya Sanrio tangu mwaka 1974, na anayetaka kumweka kwenye kikombe analipa. Ni halali yao. Mji wa Hikone nao ulipata paka mweupe mwenye kofia ya vita, Hikonyan, kwa sherehe za miaka 400 ya ngome yao mwaka 2007. Paka akapendwa sana, na punde ukazuka ugomvi wa kisheria kati ya mji na mchoraji juu ya nani mwenye haki naye. Kumamoto wao waliinunua haki yote kwa mchoraji mapema, wakaifungua. Mama anayetengeneza biskuti nyuma ya nyumba akawa na dubu yuleyule aliye kwenye gari la kampuni kubwa.

Matokeo yake yanahesabika. Mwaka 2011 Kumamon alishinda mashindano ya taifa ya yurukyara kwa kura zaidi ya 280,000. Mwaka 2012 bidhaa zenye sura yake ziliuzwa kwa zaidi ya yeni bilioni 29. Mwaka 2015 zikavuka yeni bilioni 100. Tawi la Benki Kuu ya Japani la Kumamoto lilikadiria kwamba katika miaka miwili tu dubu aliingizia mkoa faida ya yeni bilioni 123 na ushee. Kampuni ya Steiff ya Ujerumani, mabingwa wa dubu wa kuchezea, ilitengeneza Kumamon 1,500, na vikaisha katika sekunde chache. Baadaye, mwaka 2018, kampuni za nje ya Japani zikaanza kulipishwa. Wa nyumbani wakaendelea bure.

Hapa nisimame kidogo, maana wasomaji wa jarida hili tunaishi katikati ya nembo. Ndoo ina nembo. Bomba lina nembo, choo kina nembo, begi la mtoto, fulana ya mhamasishaji, kibao cha kuingilia shule, turubai lenyewe ukilala chali unaisoma. Sina ugomvi nazo, ni haki ya mtoaji kuonekana, na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika mnajua mnavyodaiwa picha za nembo kwenye ripoti. Ila nembo zote hizo zinajibu swali moja: nani ametoa? Dubu wa Kumamoto anajibu swali lingine: wewe ni mtu wa wapi? Na aliyeruhusiwa kulijibu ni mwenyeji mwenyewe, kwa biskuti zake, bila kulipa. Kwa maoni yangu huo ndio mzizi wa kupendwa kwake. Mashavu mekundu ni mazuri, lakini mashavu Japani yapo maelfu. Osaka peke yake wakati fulani ofisi za mkoa zilikuwa na wanyama wa namna hii zaidi ya 90, hata ikabidi waanze kuwapunguza, na mashindano yale ya kura yalifungwa mwaka 2020. Wengi wao leo wamekunjwa stoo.

Sasa nisimpake dubu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kabla yake, jina lililoitangaza Kumamoto duniani lilikuwa Minamata. Ni mji wa pwani wa mkoa huohuo. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaibeba, wavuvi na familia zao wakala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956: watu kutetemeka, kupofuka, kupotewa na usemi, watoto kuzaliwa na ulemavu. Kiwanda kiliendelea kumwaga mpaka mwaka 1968. Wagonjwa waliopata kutambuliwa kisheria ni zaidi ya 2,000, na wengine wengi walihangaika mahakamani miaka na miaka. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Japani iliamua kwamba serikali ya nchi pamoja na mkoa wa Kumamoto wenyewe walikuwa na kosa la kutozuia. Kwa hiyo serikali inayokuja kwako leo na tumbo la dubu ni serikali ileile. Ni vigumu kuikasirikia ofisi yenye mashavu mekundu, na hilo ni jambo la kuangalia kwa macho mawili. Dubu anaweza kuwa sura ya watu, na anaweza kuwa pazia la wakubwa. Utajuaje ni kipi? Mara nyingi hujui mpaka siku ya msiba.

Siku hiyo ilikuja tarehe 14 Aprili 2016, saa tatu na dakika 26 usiku. Ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 6.5, na katika mji wa Mashiki mtikisiko ukafika 7, ambayo ndiyo ngazi ya mwisho ya kipimo cha Kijapani. Watu tisa walikufa. Waliobaki wakatoka nje, wakasubiri, kesho yake wengine wakarudi ndani kupanga vyombo. Usiku wa tarehe 16, saa saba na dakika 25, likaja kubwa kuliko la kwanza, 7.3. Kumbe lile la mwanzo lilikuwa la kutangulia. Mashiki ilipigwa kwa ngazi ya 7 mara ya pili, na kijiji cha Nishihara nacho. Kwa jumla watu 50 walikufa papo hapo, wengi wao katika tetemeko la pili. Daraja kubwa la Aso lilidondoka bondeni. Kuta za mawe za Ngome ya Kumamoto, zilizosimama miaka 400, zilimwagika.

Zaidi ya watu 180,000 walikimbilia kwenye kumbi za michezo, mashule na viwanja. Maelfu waliogopa paa lolote lile, wakalala kwenye magari yao wiki nzima na zaidi, miguu imekunjwa, damu ikaganda. Na hapa nawaomba wahudumu wa afya wasome taratibu: waliokufa baadaye, kwa uchovu, kwa nimonia, kwa kuhamishwa hospitali, kwa maisha ya kulala sakafuni na magarini, ni zaidi ya 200. Mara nne ya wale walioangukiwa na nyumba. Tena hiyo ni nchi tajiri, yenye barabara na ambulansi. Anayesema mkimbizi akishafika mahali salama ameshapona, aisome hesabu hiyo.

Dubu alikuwa wapi? Hakuonekana. Akaunti yake ya Twitter, ambayo ilikuwa inaandika vichekesho kila siku, ilikoma siku ya tetemeko. Sherehe zake zote zilifutwa. Watumishi waliokuwa wanamsimamia walikuwa na kazi nyingine, ya maji na blanketi na orodha za majina, kama watumishi wote wa mkoa. Siku zikapita. Watu nchi nzima wakaanza kuuliza: Kumamon mzima? Swali la kitoto kabisa ukilifikiria, vazi la manyoya haliwezi kufa. Lakini watu hawakuwa wanauliza habari za vazi.

Kisha wachoraji wakaanza kumchora. Mabingwa wa vibonzo wenye majina makubwa, wanafunzi, akina mama wa nyumbani, wakaweka mitandaoni picha za dubu aliyefungwa bendeji, dubu anayebeba mawe, dubu anayekumbatiwa na wanyama wa mikoa mingine. Sura yake ikabandikwa kwenye visanduku vya michango Japani nzima. Hapo ndipo lile jambo la karatasi la mwaka 2010 lilipolipa: watu walishazoea miaka sita kwamba dubu huyu ni wao, kwa hiyo mwenyewe aliponyamaza, wao wakamsemea. Na mwaka huo wa tetemeko mauzo ya bidhaa zake yalipanda hadi kama yeni bilioni 128, maana mtu wa Tokyo aliyenunua pakiti ya chipsi yenye dubu alijua anamsaidia mkulima wa wapi.

Wapo waliotaka arudi mapema. Nawaelewa. Tunawajua watu wa namna hiyo, wenye moyo mzuri, wanaofika na mpira na filimbi wakati akina mama bado hawajui watoto wao wengine walipo. Lakini furaha ikiletwa mbio inamwambia aliyefiwa kwamba amalize haraka kulia. Kumamoto walingoja. Wiki tatu. Dubu alirudi tarehe 5 Mei, na tarehe hiyo haikuokotwa tu: ni Siku ya Watoto Japani, siku ya mapumziko ya taifa. Hakwenda jukwaani wala televisheni ya Tokyo. Alikwenda Nishihara na Mashiki, palepale palipovunjika zaidi. Watoto walimkimbilia. Wazee waliokuwa wamekaa kimya kwenye kumbi walimshika mkono, yule mkono wa manyoya, na wengine walilia. Haongei, nilisema. Siku ile hiyo ilikuwa faida, kwa sababu hakuwa na hotuba ya kutoa, hakuahidi nyumba, hakumwambia mtu ajikaze.

Kwa hiyo pazia au sura? Mimi naona siku ile alikuwa sura. Nyumba alizojenga mkoa ndizo jibu la upande mwingine, na zilijengwa: nyumba za muda zaidi ya 4,000, na kati yake vibanda vya mbao vya pamoja ambapo majirani wapya wangeweza kunywa chai. Dubu bila zile nyumba angekuwa dharau. Wagonjwa wa Minamata nao bado wako mahakamani, na ninajua watu wa kule ambao hawana wakati wa kucheka na mkoa wataona nimemsifu mno.

Mnara mkuu wa ngome ulifunguliwa tena kwa wageni mwaka 2021, lakini mawe ya kuta yanarudishwa moja moja mahali pake pa zamani, kila jiwe na namba yake, na mji unategemea kumaliza mwaka 2052. Kabashima alitoka madarakani mwaka 2024 baada ya miaka 16. Dubu hakustaafu.

Siku yake ya kuzaliwa ni tarehe 12 Machi, siku treni ilipoanza safari mwaka 2011. Sherehe kubwa ya treni, ile iliyosababisha achorwe, haikufanyika. Ilifutwa, kwa sababu siku moja kabla yake, tarehe 11 Machi, bahari iliingia nchi kavu kaskazini mashariki mwa Japani na kuua maelfu ya watu. Mpaka leo kila mwaka nchi inanyamaza tarehe 11 saa nane na dakika 46 mchana kwa ajili ya wale wafu, na kesho yake Kumamoto wanamkatia dubu keki.